Jipu, Damu Kuganda na Bakteria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafanya kazi ya maabara hapa Tanga mjini, na dirisha letu la kupokelea sampuli linatazamana na benchi la wagonjwa. Maswali haya yametoka kwenye benchi hilo: kwa wakata mkonge waliochomwa na miiba, wavuvi wa Deep Sea waliojikata kwa ndoano, akina mama wenye watoto wa majipu yasiyokwisha, na wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kujifunza. Wengi huliona jipu kama uchafu wa damu unaotafuta pa kutokea. Mambo hayako hivyo. Bakteria wa jipu huichukua protini ile ile inayozuia damu isituishe tukijikata, akajijengea nayo ukuta. Ukishalielewa hilo utajua kwa nini daktari anataka kupasua wakati wewe unataka vidonge, na kwa nini roho huniuma nikisikia mtoto amekamuliwa jipu la puani.

Damu huganda vipi kwa kawaida, kabla ya kuwaleta hao bakteria?

Ndani ya maji ya damu, yaani plazima, kuna protini iitwayo fibrinojeni. Ini ndilo linaloitengeneza, na mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya plazima. Ikiwa imeyeyuka humo haionekani wala haizuii kitu. Ukijikata, protini nyingine huamshana kwa zamu, moja ikiikata inayofuata, mpaka zamu ya protrombini. Hiyo ikikatwa inakuwa trombini, na trombini ndiyo inayoiendea fibrinojeni na kuinyofoa vipande vidogo. Fibrinojeni iliyonyofolewa hushikana ncha kwa ncha ikawa nyuzi, nazo ndizo fibrini.

Kwa mtu wa pwani ni rahisi kuipata picha: jarife, ule wavu wa kuvulia, limetandwa, na chembe nyekundu na chembe sahani, zile ndogo zinazoziba jeraha, zimenasa humo kama samaki. Kidonda kikianza kupona, protini nyingine, plasminojeni, hugeuzwa kuwa plasmini, na plasmini hulikatakata jarife hilo hadi likaisha.

Yashike majina matatu: fibrinojeni, protrombini, plasminojeni. Yatarudi tena na tena huko chini.

Si tulifundishwa kwamba damu kuganda ni kinga? Vipi tena imsaidie adui?

Ni kinga kweli. Nyuzi za fibrini huwanasa bakteria wasienee, na chembe nyeupe huwafuata hapo hapo walipo. Panya wa maabara waliozaliwa bila fibrinojeni hushindwa kujisafisha na maambukizi ambayo wenzao huyamaliza. Kwa hiyo asije mtu akasema fibrini ni mbaya. Neno ni hili: nani anaamua igande wapi na lini. Mwili ukiamua, ni kinga. Bakteria akiamua, ni nyumba yake.

Bakteria anayefanya hivyo ni yupi?

Wapo wengi, lakini bingwa wao ni Staphylococcus aureus, ambaye hapa nitamwita stafilokoka. Daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, ndiye aliyempa jina hilo miaka ya 1880 baada ya kumkuta kwenye usaha. Kwa Kigiriki lina maana ya kichala cha zabibu, na ukimtazama kwa hadubini ndivyo alivyo hasa, vitufe vimeshikana kichala. Mwaka 1884 daktari Mjerumani, Rosenbach, akaongeza neno la dhahabu, aureus, kwa ajili ya rangi ya makoloni yake, yaani makundi anayoota kwenye sahani ya maabara. Karibu watu 3 katika kila 10 wanaishi naye puani bila hata kujua.

Ndiye wa majipu, wa vidonda vya upasuaji vinavyooza, wa usaha ndani ya misuli na mifupa, na akiingia kwenye damu anaua.

Dada, hiyo koagulasi ni kitu gani? Mbona kwenye karatasi ya majibu mmeandika "koagulasi chanya"?

Koagulasi ni protini ambayo stafilokoka anaitengeneza na kuimwaga nje yake. "Koagulasi chanya" maana yake tumeikuta, na ndivyo tunavyomtambua. Kazi yake ni kuikamata protrombini, na namna anavyoikamata ndiyo inayonifanya nisichoke kazi hii.

Mwili wetu huiamsha protrombini kwa kuikata, na kabla haijakatwa kuna ngazi nyingi za kupanda na kalsiamu lazima iwepo. Koagulasi haikati chochote. Inapenyeza ncha yake kwenye tundu lililo ndani ya protrombini, na protrombini inabadilika umbo, ikaanza kufanya kazi ya trombini ingali nzima. Umewahi kumwona mtu aliyefungiwa nje akipitisha kijiti kwenye upenyo wa mlango wa mbao na kulinyanyua komeo? Mlango haukuvunjwa, mwenye nyumba hakuamka, na mtu kaingia. Umbo la muungano huo lilionyeshwa kinaganaga mwaka 2003. Jina lake ni stafilotrombini.

Stafilotrombini ina ubaya wa aina mbili. Kwanza, mwili una protini ya kuizima trombini ikizidi, antitrombini, na hiyo haiiwezi hii ya bakteria, hata ukiongeza dawa ya heparini, inayoipa antitrombini nguvu. Pili, trombini yetu ina kazi nyingi, mojawapo ni kuwaamsha walinzi wengine. Ya bakteria inashughulika na fibrinojeni peke yake. Inafuma nyuzi kimyakimya.

Stafilokoka ana protini ya pili ya namna hiyo, inayoshika pia faktori ya von Willebrand, protini ya damu inayozinasa chembe sahani kwenye ukuta wa mshipa uliojeruhiwa. Na juu ya ganda lake amebandika nyingine, ijulikanayo kwa kifupi ClfA, ambayo hukamata mkia wa fibrinojeni. Koagulasi inafuma nguo, ClfA inaivaa. Bakteria mmoja ana upana wa takriban mikroni 1, na chembe nyeupe humweza bila taabu. Mia wakishagandamana ndani ya nyuzi, ni bonge ambalo chembe nyeupe haiwezi kulimeza. Watafiti walipozalisha panya wenye fibrinojeni iliyokatwa ule mkia tu, damu yao ikawa inaganda kama kawaida, lakini ClfA ikakosa pa kushika, na wengi zaidi kati yao walinusurika stafilokoka alipotiwa kwenye damu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Mkia mdogo kiasi hicho, na ndio wenye tofauti ya kufa na kupona.

Si jambo jipya hili. Mwaka 1903 Leo Loeb aliandika kwamba stafilokoka anaigandisha plazima ya bata bukini. Kilichochukua miaka mia moja ni kujua anafanyaje.

Ni kweli mnaipima kwa kuinamisha tyubu tu? Mnaona nini?

Ni kweli, na ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ugonjwa unaouona mwilini unatokea mbele ya macho yako kwenye kioo.

Tunachukua plazima ya sungura iliyochanganywa na maji ya chumvi, nusu mililita, kwenye tyubu ndogo. Tunachota koloni la bakteria kwenye sahani, tunachanganya taratibu, tunaiweka kwenye maji ya nyuzi 37, joto la mwili. Mwanzoni ni maji ya manjano hafifu, yana ukungu kidogo wa bakteria. Baada ya saa moja unaitoa, unaishika kwenye mwanga wa dirisha, unaiinamisha polepole. Usiitikise: donge changa likivunjika halijiungi tena. Kama koagulasi haipo, maji yanateleza kwenye kioo kama kawaida. Kama ipo, kwanza utaona uzi mmoja mweupe unaning'inia, kisha kipande cha chini kinagoma kusogea, na mwishoni unailaza tyubu kabisa na iliyomo ndani imetulia kama faluda iliyoshika.

Plazima hiyo imewekewa EDTA, inayoikamata kalsiamu yote. Bila kalsiamu damu haigandi kwa njia yake ya kawaida, kwa hiyo donge likitokea humo ujue limepita njia ya mkato ya bakteria. Wanafunzi huuliza kwa nini tusitumie plazima yenye sitreti, ambayo nayo huikamata kalsiamu na inapatikana kirahisi. Sababu ni kwamba wapo bakteria wengine wanaokula sitreti. Wakiila, kalsiamu inaachiliwa, plazima inaganda yenyewe, na wewe unaandika koagulasi chanya kwa bakteria asiyekuwa nayo.

Tunaendelea kuzisoma tyubu mpaka zitimize saa 4, na zikiwa bado maji tunaziacha mpaka saa 24. Kusoma mapema si hiari, na nilijifunza hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mahali pengine, niliweka tyubu asubuhi, foleni ikawa kubwa, sikuisoma mchana. Niliisoma kesho yake: maji matupu. Nikaandika hasi. Mgonjwa alikuwa kijana mwenye kidonda cha muundi, na kwa majibu yangu ilionekana ni bakteria wa kawaida wa ngozi. Wiki iliyofuata alirudi amebebwa, mguu umevimba mpaka gotini. Sampuli ya pili nikaisoma kila saa. Saa ya tatu ilikuwa faluda, na kesho yake asubuhi, maji. Stafilokoka wa namna hiyo ana silaha ya pili, stafilokinasi, inayoiamsha plasminojeni na kuliyeyusha donge alilolitengeneza mwenyewe. Kijana alipona, baada ya majuma ya mateso ambayo hayakuwa ya lazima. Tangu siku hiyo sijaacha tyubu ya koagulasi ilale bila kusomwa mchana.

Kwa nini agandishe, halafu ayeyushe?

Kwa sababu ana nyakati mbili. Akiwa mchache anahitaji kujificha, na donge ni maficho. Akishaongezeka, maficho yanakuwa gereza na chakula kinapungua, basi anahitaji mlango wa kutokea. Protini anazozitoa hubadilika kadiri wingi wake unavyoongezeka.

Hilo ganda gumu la jipu na kiini chake ni nini hasa?

Katikati ni kundi la stafilokoka. Limezungukwa na ukuta wa fibrini, iliyofumwa na bakteria wenyewe kwa fibrinojeni yako. Nje ya ukuta kuna chembe nyeupe zilizokufa zikijaribu kupenya, kisha zilizo hai zikisubiri, na nje kabisa mwili nao umejenga wigo wake wa fibrini ili balaa lisienee. Kuta mbili, ya kwao na ya kwetu, na vita katikati. Usaha ni maiti za vita hiyo: chembe nyeupe, bakteria, nyama iliyoyeyuka. Ule ugumu unaousikia ukibonyeza pembeni ni nyuzi hizo na uvimbe unaozizunguka.

Kwa hiyo bibi akisema "jipu halijaiva", ana hoja. Kuiva ni pale katikati panapoyeyuka na kusogea juu kwenye ngozi. Kabla ya hapo ukipasua hutoi kitu.

Basi nilikamue likiiva?

Usilikamue. Ukibana, usaha unafuata upande ulio dhaifu, na mara nyingi upande huo ni wa ndani. Umeuvunja ukuta ambao mwili umehangaika kuujenga, na umewasukuma bakteria kwenye nyama nzima na kwenye vishipa vya damu.

Jipu dogo likande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, na lifunike. Likipasuka lenyewe liache litoke, lisafishe kwa maji na sabuni, na kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto, asikiguse mwingine. Kubwa, au lenye homa, au la mtoto mchanga, au la mgonjwa wa kisukari, lipelekwe hospitali.

Dawa za vidonge pekee hazitoshi? Kisu kinaniogopesha.

Naielewa hofu yako. Lakini fikiri: kidonge kinasafirishwa na damu, na katikati ya jipu hakuna mshipa wa damu hata mmoja. Dawa inafika mpaka ukutani, inayopenya ndani ni kidogo, na inawakuta bakteria waliojibana na kupunguza mwendo, ambao dawa nyingi haziwaui vizuri. Kupasua na kutoa usaha ndiyo tiba yenyewe kwa jipu kubwa, dawa ni msaidizi. Inafanywa kwa ganzi. Na tafadhali usinunue nusu dozi dukani. Tangu mwaka 1961 inajulikana kuna stafilokoka wasiosikia dawa za jamii ya kloksasilini, na hapa kwetu tunawakuta kwenye sahani zetu.

Mtoto ana jipu ndani ya pua. Ni dogo sana, nisubiri?

Usisubiri, na mkono wa mtu usiliguse. Vena za pua na za mdomo wa juu zinawasiliana na mishipa iliyo nyuma ya macho, chini ya ubongo. Stafilokoka akiingia humo anafanya kile kile alichokifanya kwenye tyubu: anagandisha damu ndani ya mshipa, na donge hilo limejaa bakteria. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, homa, jicho kuvimba na kutokeza nje, kuona vitu viwili viwili. Ni nadra, lakini likitokea linaua au kupofusha. Mama mmoja kutoka Muheza aliniambia, "Dada, kakipele tu." Nilimwinua kwenye benchi mwenyewe nikampeleka kwa daktari.

Bakteria wa koo, streptokoka, naye hugandisha?

Huyu ni kinyume chake. Streptococcus pyogenes, wa maumivu ya koo na wa ngozi inayowaka na kuwa nyekundu haraka haraka, amewekeza kwenye kuyeyusha. Mwili unajenga ukuta wa fibrini, yeye anamwaga streptokinasi. Streptokinasi inashikana na plasminojeni ya binadamu, nayo inaanza kufanya kazi ya plasmini, na ukuta unaisha. Ndiyo maana maambukizi yake hayakai mahali pamoja kama jipu. Yanatambaa, asubuhi kwenye kifundo, jioni kwenye goti. Chora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa wekundu, na ukiuvuka, ondoka nyumbani uende hospitali usiku huo huo.

William Tillett na R. L. Garner waliieleza nguvu hiyo mwaka 1933, na waliona kwamba fibrini ya binadamu inayeyuka lakini ya sungura inagoma. Amezoea damu yetu sisi.

Lililonigusa zaidi ni lililofuata. Madaktari walijiuliza: kama kitu hiki kinayeyusha donge, kwa nini kisiyeyushe donge lililoziba mshipa wa moyo? Katika utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, watu 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo walihusishwa. Miongoni mwa waliopewa streptokinasi pamoja na aspirini, waliokufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ndani ya wiki 5 walikuwa asilimia 8.0. Miongoni mwa wasiopewa hata moja, asilimia 13.2. Silaha ya bakteria wa koo imeokoa watu wengi sana. Ila aliyekwisha kupewa harudiwi ovyo, maana mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake.

Kwetu ni Lushoto. Tauni nayo inahusika?

Inahusika sana, na watu wa Usambara wana haki ya kuuliza, kwa kuwa tauni iliripotiwa Lushoto kuanzia mwaka 1980 na ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, ana protini iitwayo Pla juu ya ganda lake. Inaikata plasminojeni pale pale mwili unapoikata, ikawa plasmini. Kiroboto anapouma, bakteria anaachwa chini ya ngozi, mahali ambapo mwili ungemzungushia fibrini akafia hapo. Pla inamfungulia njia mpaka kwenye tezi, na tezi ya kinena au ya kwapa ndiyo inayovimba na kuuma kupita kiasi.

Mwaka 1992 watafiti walichapisha jambo ambalo nilipolisoma niliweka karatasi chini kwanza. Walimnyang'anya bakteria huyo Pla. Akidungwa chini ya ngozi ya panya, walihitajika kama mara milioni moja zaidi ili waue. Akidungwa moja kwa moja kwenye mshipa, hakuna tofauti kubwa. Yaani Pla ni ya safari ile fupi tu, kutoka kwenye ngozi kwenda ndani.

Tauni inatibika kwa viuavijasumu ikiwahiwa. Mtoki wa ghafla wenye homa kali, na panya wamekuwa wakifa nyumbani au shambani, usiutibu kwa majani.

Nimeambiwa nina ugonjwa wa valvu za moyo tangu utotoni. Hili linanihusu?

Linakuhusu kuliko wengi. Valvu iliyoharibika haina uso laini, na damu inapopita kwa kasi na msukosuko, madonge madogo ya fibrini na chembe sahani hujishikiza juu yake. Bakteria akipita kwenye damu, hata kutoka kwenye fizi zinazovuja, anakuta makao tayari. Wale wenye protini za kushika fibrinojeni wanang'ang'ania, fibrini zaidi inawafunika, na chembe nyeupe hazifiki ndani. Kikimeguka kipande, kinakwenda kuziba mshipa wa ubongo au wa figo.

Homa isiyoisha kwa mtu mwenye valvu mbovu isianzishiwe dawa za kubahatisha. Mwambie daktari mapema kuhusu moyo wako ili damu ichukuliwe kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, zaidi ya chupa moja. Tiba yake mara nyingi ni wiki 4 hadi 6 za sindano. Na meno yako yatunze.

Natumia warfarini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu. Je, inanikinga na hao stafilokoka?

Hapana. Warfarini inapunguza protrombini iliyo kamili inayotengenezwa na ini, lakini haijawa tiba ya maambukizi. Dabigatrani, ambayo huiziba trombini moja kwa moja, imeonekana kuizuia stafilotrombini pia kwenye tyubu na kwa wanyama, na wanaofuatilia jambo hilo wanafanya kazi ya maana. Wewe tumia dawa yako kama ulivyoandikiwa, usiongeze wala kuacha kwa sababu ya jipu.

Mwanangu ana himofilia, damu haigandi. Bakteria hao watamshindwa?

Hawatamshindwa. Koagulasi inaruka ngazi zote za juu, ikiwemo zile za faktori VIII na IX zinazokosekana kwa wenye himofilia, ikaenda moja kwa moja kwenye protrombini, ambayo mwanao anayo ya kutosha. Inaumiza kulisema: bakteria anaweza kuigandisha damu ya mtoto wakati mwili wake mwenyewe umeshindwa.

Hakuna chanjo?

Hakuna bado. Zimejaribiwa kadhaa. Mojawapo ilikuwa na ClfA ndani yake ili mwili uizibe mapema. Ilijaribiwa kwa watu wanaofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 2018 ilisimamishwa kwa kuonekana haitafikia lengo. Panya walikuwa wamekingika. Binadamu tunaishi na stafilokoka tangu uchanga, miili yetu imeshazoeana naye kwa namna ambayo panya wa maabara haijui.

Tambazi ni jipu?

Jina hilo watu hulitumia kwa uvimbe wa aina nyingi, hivyo kwa jina pekee sitakujibu. Baadhi ni usaha ndani ya msuli, kazi ya stafilokoka, na unaweza usione kichwa chochote juu ya ngozi. Msuli ukiuma, ukawa mgumu kama ubao na homa ipo, wacha kuchanja.

Maji ya bahari yanaponya kidonda?

Kidonda kibichi usikiingize baharini. Bahari ina bakteria wake, na chumvi yake haiwaui.

Nitajuaje bakteria ameshaingia kwenye damu?

Homa kali na kutetemeka, au mwili kuwa baridi isivyo kawaida, kupumua haraka, moyo kwenda mbio, mkojo kupungua, na zaidi ya yote, kuchanganyikiwa, mtu hajui yuko wapi. Katika hali hiyo damu inaweza kuanza kuganda mwili mzima, kwenye vishipa vidogo vya figo, mapafu na vidole. Fibrinojeni na chembe sahani zinatumika zikaisha, ndipo mgonjwa yule yule anayeganda ndani anaanza kuvuja fizini na penye sindano. Madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi ni dalili ya kukimbia nayo. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Nyumbani kwangu majipu hayaishi, akipona huyu anaanza yule.

Mara nyingi kuna mtu mnaishi naye ambaye ana stafilokoka puani au kwapani, na hana kosa lolote. Kila mmoja awe na taulo lake na wembe wake. Kanga ya kujifutia isizunguke nyumba nzima. Kucha fupi, mikono kwa sabuni, mashuka yafuliwe na kuanikwa juani. Na mwenye majipu ya kurudiarudia apimwe sukari. Nimeona wengi waliokuja kwa jipu wakaondoka wamejua wana kisukari.

Mkishaisoma ile tyubu, hilo donge mnalitupa wapi?

Aliuliza binti wa kidato cha tatu aliyekuja na mama yake, na sijawahi kuulizwa hivyo na mtu mzima. Halitupwi likiwa hai. Tyubu zote za siku hiyo zinakusanywa kwenye kikapu, zinaingia kwenye otoklevu, zinapikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Zikitoka, plazima imekuwa nyeupe kama yai lililochemshwa, na bakteria wote wamekufa. Nilimwonyesha moja. Aliigeuza juu chini mara mbili, akaniuliza kama naye anaweza kusomea kazi hii.